Mdogo Wangu Aliyeng'ata Watu

Kijiji cha Daudi, Mbulu

Mjukuu wangu Elizabeti,

Marahaba. Tupo, ila mgongo wa babu yako bado unamsumbua, na mvua imelaza mahindi.

Umeniuliza kuhusu mwanao anayewang'ata wenzake chekechea. Mdogo wangu Martina alikuwa hivyo. Mama alipofariki, Martina alikuwa na miaka mitatu, nami ndiye niliyemlea. Alimng'ata shangazi, akamng'ata jirani, akaning'ata na mimi. Baba alisema, "Mchape, ataacha."

Siku moja nilikuwa najifunga kanga niende kisimani, akanirukia na kuning'ata mkono. Nilipoinua fimbo akasema, "Usiende." Ndipo nikaelewa kwamba aliwang'ata wale tu waliokuwa wanaondoka. Lakini baba alikuwa amesimama mlangoni ananitazama, nikamchapa.

Hakung'ata tena. Watu walimsifu kwamba amepata adabu.

Mwangalie mwanao kwanza, mama, ujue anang'ata wakati gani. Mimi nilijua, na bado nikachapa. Siku niliyoolewa, Martina alikuwa jikoni anachambua mboga. Nilimuaga mara mbili, hakuinua kichwa.

Ni mimi bibi yako,
Anna