Wigi ya Mwanamke wa Ufaransa

Mama, mjukuu wako Neema amejimwagia unga kichwani sasa hivi, ati afanane na mwanamke wa kadi hii ninayokuandikia. Huyu mtoto atanimaliza. Ni picha ya rangi za mafuta, Ufaransa, karne ya kumi na nane. Walikuwa wakivaa wigi ndefu zilizopakwa poda. Sasa bibi harusi mmoja hapa Tassia anataka wigi kama hiyo. "Auntie, ipande mpaka igonge mlango." Imeniangukia mara mbili. Mwenye saluni ninakojaribiwa amesema ikisimama leo, ataniandika kazi. Nimeficha kichungi cha chai ndani yake, angalau imesimama. Nikiandikwa nitakutumia nauli uje, tumekukosa sana. Ngoja, mwenye saluni ananiita: "Mama Neema, bibi harusi amefika, leta hicho kichwa." Tuombee, Mama, isianguke kabla ya... kadi imejaa.