Mzega wa Laini Mbili

Ijumaa. Mawingu tangu alfajiri, mvua imetishia ikaghairi.

Nina miaka sabini na minne. Foleni za sukari zimepita, nipo. Duka la ushirika limekufa, nipo. Mafuriko yaliondoka na nyumba yangu ya Mbwara, nipo. Daktari aliyesema moyo wangu umechoka tumemzika sisi.

Kusoma nimejifunza ukubwani, na hapa nabonyeza herufi kwa kidole kimoja. Lakini Kibiti nzima ni nani mwenye kompyuta moja iliyochomekwa modemu mbili za kampuni mbili?

Mimi.

Leo nimemwoza Somoe, kitinda mimba wangu. Yeye na mchumba wake Nassoro wako Maskati, mimi niko dukani kwangu. Watu walinishauri nimpe mtu wa kule uwakili. Nikakataa. Binti nimemlea mwenyewe, nitamwoza kwa mdomo wangu.

Shehe Kindamba akaniwekea sharti. "Mzee Salumu, maneno ya ndoa hayakatwi vipande. Sauti ikikatika nakusimamisha, unatoa uwakili."

Jumatano tukajaribu kumpigia Somoe simu ya video kwa kompyuta. Fundi Saidi wa Ikwiriri alikuwa ameniwekea programu ya kugawa mzigo kwenye laini mbili, nami nikajua kasi imekuwa maradufu. Sura ya Somoe ikaganda mdomo wazi kama kambale. Mpili, mtani wangu Mmatumbi, akasema, "Mndengereko kanunua picha ya ukutani kwa bei ya kompyuta."

Saidi akanieleza kwamba simu moja hupita laini moja tu. Programu haijumlishi, inagawa. Nilibisha mpaka adhuhuri. Kumbe nyimbo za wateja nilizokuwa nazipakua zimepanda laini ileile ya Somoe.

Hapo nikaelewa kuliko yeye. Huu ni mzega. Mti begani, ndoo huku, ndoo huku. Nani anatundika ndoo zote upande mmoja akategemea kutembea wima? Nikamwamuru Saidi: nyimbo na takataka zote laini ya pili, ya kwanza aachiwe mwanangu peke yake. Modemu ya kwanza nikaifunga kwenye mwanzi, ikachungulia dirishani upande wa mnara.

Leo baada ya swala duka limejaa. Nassoro yuko kwenye kioo cha kompyuta, Somoe nyuma yake kajitanda ushungi, mashahidi huku na kule. Nikaanza.

"Nassoro, nimekuoza binti yangu Somoe..."

Kimya.

Nassoro akainama kusikiliza. Mpili akakohoa. Shehe akaniwekea mkono begani, akawaambia watu, "Mtandao huo. Tuusubiri kidogo."

Hakunisimamisha.

Nikameza mate, nikaanza upya, nikamaliza. Jibu la Nassoro likaja zima, halina ufa: "Nimekubali." Vigelegele vya Maskati na vya Kibiti vikapishana hewani.

Pilau nimekula, moyo umetulia. Jambo moja tu linanikera: modemu zangu zinasingiziwa. Mtandao haukukatika hata nukta. Nilimwona Somoe anajifuta macho kwa ncha ya ushungi, vilevile alivyokuwa akifanya marehemu mama yake, na sauti iliyokatika ni yangu.

Asiyeamini habari hii amuulize Shehe Kindamba, au Mpili. Watathibitisha yote. Ila watasema ulikuwa mtandao.

Hapo msiwaamini.