Mitetea Wawili Niliokutilia Kiondoni

Mpendwa dada,

Nilikulaumu mbele ya watu, kwa hiyo na haya nayaandika yasomwe na watu. Ilikuwa siku ya ubatizo wa mjukuu wangu, nawe umeshika sahani ya wali. Nikasema kwa sauti kwamba dada yangu wa Ruiri aliniletea kifo hapa Karurumo, amekifunga miguu na kukiita jogoo. Wengine walicheka. Uliweka sahani chini, ukachukua mkoba, ukawaaga watoto mmoja mmoja. Mimi hukuniaga.

Siku hizi nakukumbuka ukiwa darasa la tatu. Julai ile ya baridi kali ulibeba vifaranga ndani ya sweta hadi darasani. "Walikuwa wanatetemeka, mwalimu," ulisema, na mmoja akatoa kichwa shingoni pako. Ulichapwa viboko viwili. Mimi niliitwa kutoka darasa la sita niwarudishe nyumbani, nikakimbia njia nzima kwa aibu. Tangu hapo wewe ndiwe wa kupenda kuku, mimi wa kuwahesabu.

Ulipokuja kuniona baada ya mimi kupasuliwa ngiri, uliniletea jogoo mwekundu.

"Mchinje leo unywe supu, kaka. Usije ukamfanya rafiki."

Nikamfanya rafiki. Alikuwa mzuri mno. Na kwa kuwa kwetu kiondo cha mgeni hakirudishwi kitupu, nilikutilia mitetea wawili weusi, waliokaribia kutaga. Uliwafunika kwa leso yako wasipigwe na upepo njiani.

Miezi miwili baadaye kuku wangu walianza kuanguka. Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, kama mtu anayeruka mtaro. Walikonda na huku wanakula. Mmoja jicho lake liligeuka kijivu. Nilimshika jogoo wako kwa hasira, nikamchinja. Ini lake lilikuwa safi, tukamla. Hata hilo niliandika kwenye daftari langu, "ini safi", na bado nikakulaumu.

Walipobaki wanne nikamwita daktari wa mifugo. Alimpasua wa tano, aliyekufa asubuhi hiyo. Ini lilikuwa limejaa tumboni, lina uvimbe mweupe kama punje za mahindi. Alisema ni ugonjwa wa Marek, unaenezwa na vumbi la manyoya, na hauna dawa. Chanjo yake hupewa kifaranga siku anapoanguliwa, na wetu tunaoangua wenyewe nyumbani hatuwachanji.

"Ulianza lini, mzee?"

"Baada ya jogoo wa dada yangu kuletwa. Ngoja nikupe siku yenyewe."

Nikafungua daftari, nikasoma kwa sauti kabla sijaelewa ninachosoma. Jumanne: mtetea mweupe anachechemea mguu wa kushoto. Nadhani amekanyagwa na ng'ombe. Nimemfunga kijiti.

Wewe ulikuja Jumamosi ya wiki hiyo.

Mke wangu alikuwa ameshika beseni la maji. "Baba Njeri," akasema, "wewe kuandika unaandika. Shida yako ni kusoma."

Daktari akauliza kama kuna kuku yeyote aliyetoka hapa akiwa hai.

Nilikupigia simu, akapokea binti yako. Aliniambia kuku wako wote kumi na mmoja walikufa, wa kwanza wakiwa wale wawili weusi. Nikamuuliza lini. Akasema ni kabla ya ubatizo.

"Mama alikataza usiambiwe, Mjomba. Alisema ndio umetoka hospitali, na hao kuku ndio wanakufanya utoke nje asubuhi."

Kwa hiyo siku ile ulisimama na sahani yako huku ukijua. Neno moja lingetosha kuninyamazisha, na ulikuwa nalo mdomoni.

Wale wanne tumewachinja na kuwazika. Takataka za banda nimezichoma, kuta nimezipaka chokaa. Asubuhi bado nafika pale, nasimama kidogo, narudi ndani kunywa chai. Sijui kama niliwahi kukuambia kwamba nakupenda. Nyumbani kwetu tulikuwa tunaulizana tu kama umekula.

Jumamosi nitakuja Ruiri. Viatu nimeviosha kwa dawa na nguo nitavaa zisizowahi kuingia bandani. Ukiona ni vigumu kunifungulia lango, usinifungulie. Njoo tu karibu na ua, uniambie yote uliyoyanyamazia siku ile, kwa sauti, hata majirani wasikie. Nitasimama hapo nje hadi umalize. Ukishamaliza, uniambie kama umekula.

Ni mimi, kaka yako aliyekukosea,
wa Karurumo