Mbuzi wa Nyangi na Wageni wa Tathmini

Nelson Wangwe,
Nyamwaga,
Tarime, Mara.
4 Oktoba 2020

Mpendwa dada Modesta,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, shemeji na watoto huko Lindi, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua kila wingu likitanda. Sisi hapa ni wazima. Hii korona, kwa upande wa kukohoa, imetupita. Sarah wangu alinifukiza kwa majani ya mlimao chini ya blanketi mpaka pua ikababuka, nikatembea wiki nzima kama mtu aliyetoka kupigana. Kwa upande wa mfuko ndipo ilipotukamata.

Najua utauliza kwa nini nisipige simu. Dada, kwenye simu wewe husema na mimi huitikia, na salio likiisha ndiyo kwanza nimemaliza shikamoo. Kwenye karatasi angalau nitafika mwisho.

Nimeusoma ujumbe uliotuma kwenye simu ya Sarah. Umesikia kwamba shamba la Machage limekodishwa kwa mtu wa Sirari, na kwamba mwenyekiti wa kikundi aliyeshindwa kumpatia wifi yako Nyangi msaada wa serikali ni mimi. La shamba ni kweli nusu. La mwenyekiti ni kweli tupu. Nimekaa siku nne nikitafuta mtu mwingine wa kumtwika lawama hii nikamkosa, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Unajua tangu tumzike kaka yetu Machage, Nyangi analima peke yake lile shamba la mteremkoni, migomba chini kwenye kijito na mahindi juu. Ndizi zake zilikuwa zinavuka mpaka kwenda Kenya. Kila Jumanne wanunuzi walikuja na pikipiki kutoka Isebania, wakakata wenyewe, wakafunga, wakaondoka. Mwezi wa tano mpaka ukafungwa. Malori yalipita, madereva wakapimwa, lakini mtu wa pikipiki na mikungu yake minne nani angehangaika kumpima? Ndizi zikaiva zikiwa juu. Tukala mbivu, tukala za kupika, tukagawia majirani ambao nao walikuwa wanatafuta wa kumgawia. Ng'ombe walikula mpaka wakaanza kuzigeuzia uso. Zilizobaki zikaoza, na mteremko mzima ukanuka kama kilabu cha pombe asubuhi.

Ndizi hizo ndizo zilizokuwa zimnunulie Nyangi mbegu na mbolea ya vuli. Hezekia, yule mfanyabiashara wa vitunguu wa Sirari, alikuwa ameshampelekea neno kwamba akielemewa, yeye atalikodi shamba lote kwa miaka mitatu. Alilisema kwa heshima, sina ugomvi naye. Lakini wifi yako alikuja hapa nyumbani, akakaa kwenye kile kigoda cha mama, akaniambia kwamba miaka mitatu ni mingi kwa mtu wa umri wake kuwa mgeni kwenye shamba alikoolewa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, serikali inakuja. Nililisema kama vile nimeongea nayo.

Mwezi wa saba kweli ilitangazwa. Kulikuwa na fedha za nafuu kwa vikundi vya wakulima walioumizwa na kufungwa kwa mpaka. Maafisa wa tathmini wangetembelea kila kikundi, waone hasara kwa macho, waandike, na fedha zifuate kabla ya kupanda. Kikundi chetu cha Tujikaze kina watu kumi na wawili. Mwenyekiti ni mimi, na si kwa akili. Katika wote ni mimi peke yangu niliyekuwa na miwani siku ya uchaguzi.

Sasa soma ujinga wa mdogo wako, na ucheke taratibu, shemeji asisikie.

Nilipopata simu kwamba wanakuja Alhamisi, nikaitisha kikao nikawaambia wenzangu, wageni wanakuja. Nilipaswa kusema kwamba wakaguzi wa hasara wanakuja. Lakini nilisema wageni, na wewe umekulia hapa, unajua neno hilo linavyowaamsha watu. Kufika Jumatano jioni kila ndizi iliyooza ilikuwa imeokotwa na kufukiwa. Majani makavu yamepunguzwa, njia zimefagiliwa, nyumba ya Nyangi imesilibwa upya kwa samadi na udongo mwekundu. Ryoba, ambaye unamjua hajawahi kufagia hata nyayo zake, alipaka chokaa mawe ya njiani. Mimi niliazima tai. Katika vichwa kumi na viwili hakuna hata kimoja kilichouliza hawa watu wanakuja kuona nini.

Na Nyangi akachinja mbuzi. Alikuwa amebaki na huyo mmoja, wenzake walishauzwa mwezi wa sita. Nilimwambia kuku anatosha. Lakini dada, nikuambie ukweli, nilimwambia kwa ile sauti ya mtu anayeomba asisikilizwe.

Wakaja, binti mmoja na kijana mmoja, vumbi mpaka kwenye kope, maana kutoka barabarani walitembea. Watoto wazuri tu. Walitusalimia shikamoo mmoja mmoja mpaka wote kumi na wawili tukaisha. Tukawatembeza shambani, mimi mbele na tai yangu. Yule binti alikuwa na kishikwambi cha kupigia picha, anatazama huku na huku, mwishoni akaniuliza kwa adabu, "Sasa baba, hasara yenyewe iko wapi?"

"Tumeshaifagia," nikamjibu, tena kwa majivuno.

Akacheka, nikacheka. Tukaenda kula. Walikula vizuri, na Nyangi aliwafungia na nyama ya njiani.

Mwezi wa nane majina yalibandikwa. Vikundi vya jirani vilikuwemo, Tujikaze hatukuwemo. Nikavaa shati safi nikaenda mjini. Nilipokelewa na afisa mmoja anaitwa Nikolaus, mtu mpole, mwenye mafaili mengi kuliko meza. Hakunifukuza. Alitafuta taarifa yetu, akanigeuzia niisome mwenyewe. Mashamba yanatunzwa vizuri sana. Makazi ni bora. Mifugo ipo. Wanakikundi wanajiweza. Na chini yake picha. Katikati ya picha hiyo, dada, nimekaa mimi, tai begani, mguu wa mbuzi mkononi, nacheka mpaka jino la mwisho.

Nikamweleza yule mzee yote. Akavua miwani, akasema anaelewa, hata yeye ana mama kijijini, lakini yeye hulipa kwa kilichoandikwa. Akanishauri tulete barua ya rufaa, kila kaya ijieleze hali yake, ikiwezekana kabla ya wiki kuisha.

Hapo ndipo hasira za watu zilipotoka. Kikaoni kwa Nyangi walisema mengi, mengine siwezi kuyatia kwenye bahasha. Wamelipa ushuru wa ndizi pale getini miaka yote, na hakuna aliyewahi kuja kukagua kama wana uwezo wa kulipa. Mpaka ulifungwa ndani ya siku moja tu, tena bila fomu. Kufidiwa ndiyo kunataka picha. Mimi niliendelea kufuta miwani.

Ryoba akaja na akili yake. Akasema tuandike kwamba mbuzi yule alikuwa wa kuazima kwa tajiri wa kijiji cha pili, na kwamba nyumba ilisilibwa kwa ajili ya msiba. Na wengine wakaona ni sawa, hata mimi kalamu ilishagusa karatasi. Niliona mahindi, dada. Niliona mbolea.

Nyangi alikuwa anapepeta ulezi pale mlangoni. Akaweka ungo chini.

"Shemeji, usiandike kwamba mbuzi hakuwa wangu," akaniambia. "Nilimlea mwenyewe. Andika hivi, alikuwa na mbuzi mmoja, na huyo mmoja ndiye mliyemla."

Ryoba akamwambia, "Mama, ukiandika hivyo watakuona unawasimanga."

"Simsimangi mtu chakula changu. Wameandika mifugo ipo. Nawajulisha iliko."

Basi nikaandika vile vile. Kwa kweli ndiyo barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, na sentensi yake nzuri si yangu. Tukaipeleka. Baada ya siku kumi Nikolaus akanipigia mwenyewe, kitu ambacho hakulazimika kufanya. Akasema barua imesomwa mbele ya wakubwa, na yule binti wa kishikwambi alikuwepo akainama. Akasema rufaa ni ya haki na imekubaliwa. Nikaanza kumshukuru. Akaniambia ngoja kwanza: fungu la awamu hii limekwisha, tutaingizwa katika awamu ijayo. Nikamuuliza ijayo ni lini. Akasema hilo hata yeye anangoja kuambiwa.

Mvua zilianza wiki ile ile.

Nilikwenda kwa Nyangi na habari hiyo nikiwa nimeifungafunga kwa maneno mazuri, unajua ninavyoweza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama awamu ijayo inaweza kuota kwenye udongo wa mwezi wa tisa. Kesho yake akaniomba tuongozane Sirari kwa Hezekia. Njia nzima nilijaribu kumwambia samahani, na kila nikianza ananionyesha shamba la mtu.

Alijadiliana mwenyewe. Mimi nilikuwa shahidi, na kwa mara ya kwanza katika uongozi wangu nilifunga mdomo. Badala ya shamba lote na miaka mitatu, alimpa Hezekia upande wa chini tu, misimu miwili, na fedha yake ilipwe siku hiyo hiyo kwa mbegu na mbolea ya upande wa juu. Hezekia alivuta vuta, akakubali. Kwa hiyo lile la kwamba tumelikodisha shamba lote la Machage si hivyo. Kaburi lake liko upande wa juu, na upande wa juu unalimwa na mkewe.

Lakini sitakuficha. Vitunguu havikai na migomba. Jumamosi ya wiki iliyopita vibarua wa Hezekia walikuja kung'oa. Nilimwambia Nyangi aje kwetu ashinde na Sarah, asiangalie. Alikataa, akaenda akasimama kwenye kijito. Migomba ile Machage aliipanda mwaka walipooana, na mingine ilikuwa ina mikungu inayochungulia. Nilidhani atalia. Aliwaonyesha vijana mahali maji hutuama, wasije wakapoteza mbegu za mwenzao, kisha akapanda juu kwenye mahindi yake na jembe begani. Mimi ndiye niliyelia, dada, na nikasingizia vumbi, na ilikuwa mvua inanyesha.

Najua unataka kumpigia simu, na najua utakachotaka kusema. Uliandika unataka aje akae nawe Lindi. Nilimfikishia. Anakushukuru, anasema atakuja kutembea, si kuhamia. Sasa nakuomba kitu kimoja kama mdogo wako, mara hii tu unisikilize. Ukimpigia usianze na pole. Pole amepewa na kijiji kizima, na ya serikali tumeambiwa iko njiani. Muulize mahindi yameota?

Yameota. Nimeyaona jana jioni, mistari imenyooka. Lakini usimwambie kwamba nimekuambia. Acha akwambie mwenyewe.

Nisalimie shemeji, nisalimie na Rubeni, mwambie mjomba wake bado anamngoja aje ashindwe bao. Sarah anakuamkia, na shangazi Boke anasema goti lisugue kwa mafuta ya kondoo. Mungu akulinde huko mbali, akuzidishie riziki na siku, na atukutanishe tukiwa bado tunatambuana kwa sura.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, na mwenyekiti mpaka watakapopata mtu mwingine mwenye miwani,

Nelson