Sensa Mbili na Tambara la Mjomba

Gerezani, Kariakoo,
Dar es Salaam.
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Azzan,

Assalaam alaykum. Hujambo huko Maskati? Joto halijakukausha ukawa kama dagaa? Huku miili mizima. Mama yako mguu umepoa, anafika mpaka sokoni.

Mimi ni yuleyule, mkali wao. Shule ilinishinda, lakini mashine ya kupimia gari naisoma kuliko wenye vyeti. Hapa gereji wananiita Daktari. Cheka tu.

Ila kaka, mjomba, baba yako, leo siku ya kumi na mbili hajaja kazini hapa gereji, na sababu ni mimi.

Ililetwa gari aina ya Noah, taa ya injini inawaka. Nikachomeka mashine, ikatoa namba ya kosa la sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi kwenye ekzosi, bomba la moshi. Nikabadilisha sensa. Siku mbili, taa ikarudi. Nikafunga nyingine, ikarudi tena. Mjomba akasema, "Mudi, ziba ekzosi kwa tambara, halafu usikilize." Wateja wamejaa, na mdomo wangu unaujua. Nikamjibu, "Mzee, hii ina kompyuta, haitibiwi kwa tambara. Nenda kapumzike." Watu wakacheka. Naye akacheka kidogo, akanawa mikono, akaondoka.

Jioni nikaziba mwenyewe, kwa siri. Ikalia sss pale ekzosi inapoungana na injini. Ufa mwembamba kama unywele, unaingiza hewa ya nje, sensa inadanganyika. Tukachomelea. Taa haijawaka tena.

Wateja wananisifu mimi. Sijamwambia hata mmoja ukweli.

Nimeenda Buguruni mara tatu kumwomba radhi. Kila nikifika, mama yako anasema mzee amelala. Mara ya mwisho nilimsikia ndani anakohoa. Juzi akamtuma dada yako Huda aje kuchukua ovaroli yake. Huda akaniangalia, akasema, "Daktari, baba yangu umemtibu vizuri." Kaka, mimi wa maneno, nikaikunja ovaroli, nikampa.

Mpigie. Simu yako hawezi kuisingizia usingizi. Nilitaka ujifanye umewaza mwenyewe, lakini hapana, mwambie nimekutuma mimi. Mwambie aje asimame tu, nami nitamwomba radhi mbele ya wateja walewale.

Nisalimie shemeji Badria, na mwanao Abdulhamid mbusu shavuni. Mola awalinde huko ugenini, na amweke mzee hai mpaka anisamehe.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye hata ukinuna,
Mudi