Kasha la Shibiri Mbili

Jumatano, baada ya Isha

Feni ya kompyuta ninayoiunda nshaichagua, na bodi yake pia, vyote vidogo. Kilichonishinda ni kasha la kuvitia.

Mke wangu Zuhura ameshakata shauri: kompyuta mpya ikiingia kwenye kidaka cha ukutani, sebuleni itakaa. Isipoingia, nitahamia nayo stoo, mimi na panya. Kidaka alikipima mwenyewe kwa mkono, akaniambia, "Shibiri mbili, barabara."

Leo nikaenda Darajani. Muuzaji akanipa futi, nikamwambia mkono ninao. Nikapima shibiri mbili, nikalibeba kasha na kurudi kwa madaha.

Halikuingia. Lilibaki limechomoza nje, kama mgeni anayesita kuvua viatu mlangoni.

"Umepima kwa mkono wa nani?" Zuhura akauliza.

"Wangu."

Akachukua kiganja changu, akakibandika chake. Vidole vyake vikaishia kwenye pingili zangu za mwisho.

"Miaka yote hii unaushika mkono huu, Baba Nasra, na hujui kipimo chake?"

Nilitaka nicheke kwanza mimi. Kanitangulia.

Muuzaji, kwa simu, kakubali nibadilishe. Hofu yangu sasa ni joto. Kasha dogo zaidi ya hili, tena ndani ya ukuta, litapumua wapi? Basi hilo nitaliuliza kesho.

Zuhura kanikatia uzi wa kipimo cha kidaka. Nikamwambia bora aje nami dukani, nipimie mkono wake wenyewe. Kasema atakuja, ila njia nzima niushike, nijifunze.