Nilisema Shida ni Jicho, Wote Wakamgeukia Bibi Nyanjige

Shangazi Benedikta, shikamoo. Nakuandikia kwa haraka, uniwie radhi kwa mwandiko, maana nimefanya jambo kwa ulimi wangu mwenyewe na sijui nitalirudishaje, na ukichelewa kunijibu huenda lisirudi kabisa.

Mimi ni msichana wa hapa Dutwa, nasoma chuo cha uvuvi, na nimerudi nyumbani kwa mafunzo ya vitendo, kazi niliyopewa ni kuchunguza minyoo na vijidudu vinavyoshambulia samaki wa kufugwa, na nilifurahi kwa sababu hapa kwetu bwawa lipo, walilichimba wanakikundi ile misimu ya kwanza wanunuzi binafsi wa pamba waliporuhusiwa na bei ikawa nzuri, kila mtu akiambiwa soko sasa ni huria jitafutie, basi wakajitafutia, wakapanda vifaranga vya sato, wakachangishana pumba na samadi, na mwenyekiti wao Mzee Shigela akanunua mzani wa kupimia samaki hata kabla samaki hawajatosha kiganja.

Sasa samaki wamepofuka. Ndiyo, shangazi, wamepofuka, macho yamekuwa meupe kama maziwa, wanaelea juu mchana kweupe wakijigonga kwenye tuta, na korongo wanasimama pale wanawaokota kama kuku anavyookota mtama uani. Bei ya pamba nayo imeshuka, watu walikuwa wameweka tumaini lote kwenye lile bwawa, na kila jioni wanakwenda kusimama kando yake kama wako msibani.

Nilikuja na hadubini ya chuo, ile yenye kioo cha kunasa mwanga wa jua, nikaiweka mlangoni kwetu. Nikachukua sato mmoja mwenye jicho jeupe, nikatoa ile punje ngumu iliyo ndani ya jicho, ndogo kuliko punje ya mtama, nikaipasua kwenye tone la maji, nikainama. Shangazi, nilisahau kupumua. Mle ndani kulikuwa na minyoo hai, bapa kama jani, wengi, wanajikunja na kujikunjua taratibu, wamekaa ndani ya jicho kama watu waliokaa kwao, na mwanga unapita katikati ya miili yao hadi matumbo unayaona. Nimesoma kanisani tangu utoto kwamba kazi za Mungu hazina mwisho, lakini siku ile ndiyo niliyoogopa kweli, nikatamani kuvua viatu.

Na safari yao ndiyo inayonikosesha usingizi. Mnyoo mkubwa anaishi tumboni mwa ndege, ndege anakunya majini, mayai yanaanguliwa, kitoto kinamtafuta konokono na kuingia mwilini mwake, humo kinazaliana hadi kinakuwa maelfu, kisha jua likiwaka wanatoka kwa konokono wakiogelea kwa mikia yao, wanamtafuta samaki, wanapenya ngozi yake na kuacha mkia nje kama mgeni anayevua viatu mlangoni, halafu wanasafiri ndani ya mwili usio na njia wala taa mpaka jichoni, na wakishafika samaki hamwoni adui, anaelea juu, ndege anamla, mnyoo amerudi nyumbani. Nani alimfundisha? Hana hata kichwa cha maana. Nilimweka konokono mmoja wa bwawa kwenye glasi ya maji safi nikaianika juani, na kabla jua halijapanda sana maji yakajaa vidoa vinavyochezacheza, unaviona hata kwa macho matupu ukiweka kitambaa cheusi nyuma ya glasi. Nililia, shangazi, na si kwa huzuni.

Nikiwa bado na wazimu huo ndipo Mzee Shigela akaniita bwawani, kikundi chote kimekusanyika na wazee wengine, akasema, "Haya mtaalamu wetu, serikali imekusomesha, samaki wetu wana nini?" Nami kwa ile furaha ya kujua nikapaza sauti, "Ni jicho! Shida yote ni jicho!" Nilikuwa natafuta pumzi nianze habari ya konokono, kumbe Mzee Shigela ameshageuka kuwatafsiria wazee wa nyuma kwa Kisukuma, kwamba hata chuo kimethibitisha, bwawa limepigwa jicho, kuna mtu ameliroga.

Na wote wakageuka upande mmoja. Ng'ambo ya tuta ndipo anapokaa Bibi Nyanjige, mjane, peke yake, macho yake mekundu miaka yote, si kwa uchawi, ni kwa sababu anapikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe kama tunavyopika sote tusio na kuni, ila yeye jiko lake halina dirisha. Alikuwa amesimama mlangoni anatutazama. Alipoona watu wote wamemgeukia alidhani tunamsalimia, akapunga mkono, "Mwadila!" Hakuna aliyemjibu. Nami sikumjibu, shangazi. Nilisema, "Hapana, sikumaanisha hivyo," lakini kwa sauti ya kwenye koo, na watu walikuwa wameanza kuondoka.

Sasa wameitisha mkutano Jumapili baada ya ibada na walinzi wa sungusungu watakuwepo, wanataka atengwe, asisalimiwe, asipewe moto, asichote maji, na mimi nimeitwa nikaseme kama shahidi. Wewe ni mtu wa huku, unajua bibi akishatengwa kwa ajili ya macho yake kinachofuata ni nini.

Nikimweleza mama ukweli wa mnyoo, ananitazama kwa huruma. Anasema, "Mwanangu, unataka kuwaambia kuna kitu kinatoka tumboni mwa ndege, kinaingia kwa konokono, kinaingia kwa samaki, kinakaa jichoni, kinarudi kwa ndege? Watasema na wewe ni mwenzake." Na kweli, shangazi, ukweli wenyewe unafanana na uchawi kuliko uchawi. Tena tayari wananong'ona juu yangu, binti anayenyofoa macho ya samaki mchana. Hadubini siwezi kumwachia mtu yeyote atazame, chuo kilinisainisha kwamba asiiguse mwingine. Hata huyo Bibi Nyanjige alipita siku moja akaniuliza, "Ng'wana wane, mwanangu, unatazama nini humo kila siku? Nionyeshe na mimi," nikamwambia haiwezekani, akacheka akaenda zake.

Nifanyeje? Nikatae kwenda kwenye mkutano? Nirudi chuo kimyakimya? Au niseme, na nikisema nisemeje ili mtu aamini?

Ni mimi Kabula, Dutwa.

JIBU LA SHANGAZI

Kabula mwanangu, marahaba. Nakala ya jibu hili nimempa kondakta wa basi la Bariadi akufikishie mkononi, maana gazeti hili likifika huko Jumapili yako itakuwa imepita.

Nikupe kwanza unachostahili. Nilipomaliza barua yako niliacha kalamu, nikashuka sokoni hapa Mwanza, nikainama mbele ya meza ya samaki kumtazama sato machoni mpaka muuzaji akaniuliza, "Mama, unanunua au mnajuana?" Nimekula samaki maisha yangu yote na sikujua nakula kiumbe ambacho jicho lake laweza kuwa kijiji. Umenitia hofu ya Mungu na ninakushukuru.

Sasa nikugombeze. Umeniandikia mnyoo akivua mkia mlangoni, umeniandikia matumbo yake yanavyopitisha mwanga, na nimejua habari zake kama za shemeji yangu. Bibi Nyanjige je? Ana watoto? Amekula nini tangu siku ile? Hukuniandikia, kwa sababu hukwenda kumwuliza. Umemstaajabia mdudu anayeingia nyumba ya watu bila kupiga hodi, ukashindwa kupiga hodi kwa jirani. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe ulijikwaa ulimi kisha ukaenda kujificha nyuma ya kioo. Hilo sitakusamehe mpaka ulirekebishe.

Kukimbilia chuo, futa. Ukiondoka, neno la mwisho walilolisikia kutoka kwa msomi wao ni "jicho", na hilo ndilo litakaloamua shauri.

Leo hii, ukishamaliza kusoma hapa, vuka tuta. Piga hodi, msalimie kwa Kisukuma kama ulivyolelewa, upige goti, umwambie nini ulisema na nini walisikia. Usimpunguzie. Ni maisha yake, ana haki ya kujua yanazungumzwaje. Kisha mwombe aje kulala kwenu mpaka Jumapili, na mama yako akiguna mwambie Shangazi wa gazeti ndiye aliyetaka. Baada ya hapo nenda kwa mtendaji wa kata na kwa padri au mchungaji, yeyote mwenye sauti, uwaeleze mkutano huo unataka kufanya nini, na uwatake wawepo. Usiende peke yako mahali penye watu wenye hasira na hasara.

Mzee Shigela mwone faraghani kabla ya Jumapili. Si mtu mbaya huyo. Mtu aliyenunua mzani kabla ya samaki ni mtu wa matumaini, na matumaini yakifa bila sababu watu huitafuta sababu yenye miguu. Mwambie, "Baba, nilisema vibaya, nawe ulitafsiri nilichosema. Nisaidie tuseme upya, wewe ukiwa mdomo wangu." Mpe heshima ya kujirekebisha, atakushika mkono. Ukimwaibisha mbele ya watu, atalishikilia jicho mpaka kaburini.

Na mkutanoni, nakukataza neno "jicho". Lisikutoke hata kwa bahati mbaya. Sema konokono. Tena usieleze sana, mwanangu. Mama yako ana akili kukuzidi kwa hilo, kwani habari ya mnyoo ikisimuliwa ni uchawi, ikionwa ni mnyoo. Umeniuliza usemeje ili waamini, na jibu umeliandika mwenyewe ukalipita mbio. Glasi! Maji safi, konokono wa bwawa lao, jua la Mungu na kitambaa cheusi. Hilo halihitaji saini ya chuo. Mzee Shigela mwenyewe aingie bwawani amtoe konokono kwa mkono wake, glasi itoke nyumbani kwake, maji yatoke kisima anachokiamini. Weka glasi zaidi ya moja, maana si kila konokono ana wageni. Kisha mkae msubiri jua lifanye kazi. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Hawa waambie, ikibidi uwashike kichwa.

Wakishaona, wape kazi siku hiyohiyo. Wakaushe bwawa, wafyeke majani ya kingoni, waokote konokono, waliache liungue na jua kabla ya kupanda vifaranga wapya, na wawafukuze korongo. Hao sato vipofu wawale, wakiiva vizuri hawana neno. Mwenye jembe mkononi hana kidole cha kumnyooshea jirani.

Imebaki hadubini. Chuo kilikusainisha ili isivunjike, na mimi naelewa, vyombo ni ghali. Lakini hakikukukataza kuishika kwa mikono yako miwili huku mtu akiinamisha uso tu, asiguse. Kwa hiyo itoe Jumapili. Watapanga mstari, utaona, hata wale wazee wa nyuma, na kila mmoja atanyanyua uso akiwa na ile hofu uliyokuwa nayo wewe mlangoni kwenu. Usiwanyime. Ulichokiona si mali yako, umetangulia tu kukiona.

Ila mstari huo una mtu wake wa mbele, na asiwe mwenyekiti, wala mtendaji, wala padri. Kijiji kizima kilikuona ukiinama pale siku zote, wakanong'ona. Mtu mmoja tu alikuja akakuuliza unatazama nini, akaomba naye aonyeshwe, ukamkatalia akaondoka anacheka. Mwite Bibi Nyanjige kwa jina, mbele ya wote, mwinamishie kioo mpaka mwanga umfikie, na umwache atazame mpaka atosheke.